Schokland: kijiji kilichohamishwa, bahari ikafuata

Ukifika Schokland leo, katika mkoa wa Flevoland nchini Uholanzi, unazungukwa na mashamba. Katikati yake kuna mwinuko mwembamba wenye kanisa dogo na nyumba chache za mbao. Maji huyaoni. Lakini hapa palikuwa kisiwa katika ghuba ya Zuiderzee, na mwaka 1859 wakazi wake wote, kama 650 hivi, waliamriwa kuondoka.

Je, serikali ilikosea? Wanaoitetea wana hoja nzito. Bahari ilikimega kisiwa kizazi baada ya kizazi, hadi watu wakabanana kwenye vilima vitatu vya udongo vilivyorundikwa kwa mikono: Emmeloord, Middelbuurt na Zuidert. Dhoruba ya Februari 1825 ilibomoa nyumba na kuua watu. Uvuvi haukuwalisha tena, na kila mwaka hazina ya taifa ililipia nguzo za kuzuia mawimbi.

Wanaolaumu huitaja Urk, kisiwa jirani ambacho watu wake hawakuhamishwa na ambacho leo ni mji mkubwa wa wavuvi. Mfano huo siukubali. Urk umekaa juu ya kilima cha asili. Schokland ilikaa juu ya mboji laini inayoliwa na maji. Hata hoja kwamba ghuba ilizibwa mwaka 1932 na eneo lote kukaushwa mwaka 1942 haitoshi. Nani angemwambia mama mwenye watoto wenye njaa asubiri miaka themanini na tatu?

Kinachonichoma ni namna walivyohamishwa. Ili kupata fidia, watu walilazimika kuzibomoa nyumba zao wenyewe. Kisha wakatawanyika: Wakatoliki wengi wakaenda Volendam na Kampen, Waprotestanti wengi Vollenhove na Kampen. Kuokoa maisha ya watu ni wajibu wa serikali. Lakini jamii iliyoishi pamoja karne nyingi ilistahili kuhamishwa pamoja, na hilo sioni kwa nini lisingewezekana. Lile kanisa dogo lilijengwa mwaka 1834, miaka 25 tu kabla ya amri, na waumini wake hawakubaki pamoja.

Mwaka 1995 Schokland ikawa mahali pa kwanza Uholanzi kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Sasa tatizo limegeuka: ardhi iliyokaushwa inadidimia, na mbao na mifupa ya kale huoza udongo ukikauka. Kwa hiyo kiwango cha maji kimepandishwa kando ya kisiwa cha zamani, na sehemu ya ardhi ya kilimo ikaachwa. Mkulima anayetaka shamba kavu ana haki yake, lakini hapa naegemea upande wa maji. Mazao yanaweza kupandwa kwingine katika eneo hilo kubwa. Nguzo za Emmeloord haziwezi kuchimbiwa upya.