Taroti ya kwenye simu ni ramli chonganishi

Kama kadi ingeniambia napata safari au mchumba, nisingeandika chochote. Ningezima simu nikalala. Lakini iliniambia kuna mtu wa karibu ananificha jambo, na niwe macho na ninaowaamini. Nami nilikuwa nimeuliza kuhusu duka ninaloendesha na mdogo wangu.

Kazini kwetu wasichana wote wamehamia huko. Zamani ilikuwa nyota, sasa ni taroti, karata za picha za kutabiria. Asubuhi mtu anafika na picha ya kadi iliyomtokea usiku, wenzake wanamzunguka kumfasiria. Mmoja akanitumia kiungo: "Dada, jaribu, ya mwanzo ni bure." Unaandika swali lako, kisha unagusa kadi tatu zilizofunikwa, moja ya yaliyopita, moja ya sasa, moja ya yajayo. Ikatoka kwanza Tatu ya Sarafu, fundi yuko kazini kanisani na wenzake wawili wanamsikiliza. Ushirikiano mwema, wakaandika. Ikafuata Saba ya Panga. Mwanamume ananyata kutoka kwenye mahema, amekumbatia panga tano, mbili ameziacha zimechomekwa ardhini, shingo kaigeuza nyuma kuangalia kama ameonekana. Chini yake ndiyo yale maneno ya mtu wa karibu. Kadi ya tatu haikufunuka. Ukitaka kujua mambo yataishaje, ulipie.

Tazameni walipokatia. Hofu wanaigawa bure, nafuu wanaiuza.

Siamini karata, na sikuamini usiku ule. Hata hivyo mdogo wangu aliponisomea hesabu za siku, nilimwuliza mara mbili jambo ambalo huwa simwulizi kabisa. Akanyamaza, akaniangalia. Maneno yaliyoandikwa na mtu asiyenijua, yakachaguliwa na mashine kwa bahati nasibu, yalikuwa yamekaa kati yangu na mtoto wa mama yangu. Hilo ndilo lililoniudhi, na bado linaniudhi.

Maana sisi mchezo huu tunaujua. Mtu wa Shinyanga, Geita, Simiyu au Mwanza hahitaji kuelezwa ramli chonganishi. Mtoto anaumwa haponi, au ng'ombe wanakufa mmoja mmoja, baba anakwenda kwa mpiga ramli. Anaambiwa adui hayuko mbali. Ni mwanamke. Ni mtu mzima. Mnakula naye. Mara nyingi jina halitajwi, wala hakuna haja ya kulitaja. Mteja atalijaza mwenyewe njiani akirudi nyumbani. Bibi zetu wamekatwa kwa mapanga kwa sababu ya nafasi hiyo moja iliyoachwa wazi, na macho yao yaliyowiva kwa moshi wa jikoni yakahesabiwa kuwa ushahidi. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Marufuku ilitoka, na polisi mpaka leo hawajaacha kuonya watu juu ya ramli chonganishi.

Sasa isomeni tena ile kadi. Mtu wa karibu. Anakuficha. Kuwa macho. Sentensi ni ileile, na nafasi ya jina imeachwa wazi vilevile. Tofauti ni kwamba hii ina rangi nzuri, inakuja kwa Kiingereza, na anayeisoma ana shahada, kwa hiyo hakuna anayemwita mshirikina. Sijasikia aliyeuawa kwa sababu ya kadi ya simu, na Mungu atuepushe. Lakini ndoa haihitaji panga ili ivunjike. Urafiki wa miaka mingi hauhitaji. Duka la ndugu wawili ndiyo kabisa.

Mpiga ramli wa mtaani angalau ana uso. Anakuona ukishtuka. Akikosea, ukoo unajua mlango wa kubisha. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, yule mnajimu, alitoa utabiri mzito hadharani mpaka alipofariki mwaka 2011, na waliompinga walimpinga kwa jina lake. Hawa wa mtandaoni utambishia nani?

Wapo watakaoniambia, mbona ilikupata sawasawa? Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale, mengi yake yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha nyota. Walipoulizwa yamewafaa kiasi gani, wastani ukawa 4.26 kati ya 5. Duniani kuna nani asiye na mtu wa karibu anayemficha jambo? Mimi mwenyewe namficha mama yangu mengi, na nampenda.

Na hilo la "hekima ya kale ya Misri" lililoandikwa juu ya ukurasa liondolewe. Taroti ilianza kama mchezo wa karata Italia ya kaskazini, karne ya 15, na Wafaransa mpaka leo wanaicheza. Habari ya Misri ilienezwa na Mfaransa Antoine Court de Gébelin mwaka 1781, wakati hakuna mtu aliyeweza kusoma maandishi ya Mafarao. Mfaransa mwingine, Champollion, alikuja kuyafumbua mwaka 1822. Karata zenyewe, ndiyo, zilipita kwa Wamamluki, watawala wa Misri wa zama zile, kabla ya kufika Ulaya, zikiwa na vikombe, sarafu, panga na fimbo. Walikuwa wakizicheza, kama sisi na kopa zetu barazani.

Nakubali picha ni nzuri. Zilichorwa na Pamela Colman Smith, zikatoka London mwaka 1909, na mama huyo alifariki mwaka 1951 akiwa hana kitu, huku kazi yake ikiendelea kuuzwa dunia nzima. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba wapo wasomaji wanaoitumia kadi kumfungua mtu aliyejifungia, wakamwuliza, wakamsikiliza saa nzima. Hao siwagombi. Watu wengi hawana wa kuwasikiliza, na ndiyo maana swali la siri la moyo linaandikwa kwenye kisanduku cha tovuti saa sita za usiku.

Kwa hiyo nyinyi wadogo zangu mnaowafasiria wenzenu pale kazini, nawaomba kitu kimoja, na naomba kwa dhati. Ikitoka Saba ya Panga, ina fasiri nyingine, tena inajulikana: kwamba mwenye swali mwenyewe kuna jambo analikwepa. Mwulizeni hilo. Mwulizeni anakwepa nini, na anamwogopa nani kumwambia. Msimpeleke kumtafuta mwizi nyumbani kwao.