Msimsingizie mama

Juzi napitia mafaili ya watoto wa utapiamlo, nione manesi wameandika tatizo gani na limetokana na nini. La kwanza: "Lishe pungufu kuliko mahitaji ya mwili, kutokana na mama kukosa elimu ya lishe." La pili, hivyo hivyo. La tatu, mpaka koma iko palepale, na huyo kazaliwa na kaakaa lililopasuka, hawezi kunyonya. Elimu ya mama imeingiaje hapo jamani?

Sina ugomvi na NANDA, ile orodha ya majina ya matatizo ya mgonjwa tunayoandikia manesi. Tangu Wamarekani walipokutana St. Louis mwaka 1973 kuanza kupanga orodha ile, manesi tumepata lugha moja, na anayepokea zamu usiku lazima aelewe kilichoandikwa mchana. Haya, nimekubali. Lakini jina la tatizo kitabu kinakupa bure. Kazi yako inaanzia kwenye "kutokana na", na hapo hakuna cha kunakili, ukae na mama umuulize.

Nilikaa na mmoja. Mtoto kavimba miguu, ukibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki, yuko kwenye F-75, maziwa ya tiba ya utapiamlo mkali, kila baada ya saa tatu. "Sista," akaniambia, "yai nalijua, dagaa nawajua. Kliniki tumeimbishwa mpaka basi. Nashinda kibarua kwenye shamba la watu, mtoto yuko kwa bibi yake. Uji asubuhi, uji jioni." Huyo ndiye aliyeandikwa hana elimu!

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa, mkoa wa mahindi, ni zaidi ya nusu. Basi akina mama wa Iringa wote mbumbumbu? Ukiandika "elimu", dawa yake ni somo: makundi ya vyakula haraka haraka, tiki, mtoto anaruhusiwa, anarudi kwenye uji uleule. Ukiandika "anakula mara mbili tu, mama yuko kibarua mchana kutwa", walau unajua pa kugonga: ustawi wa jamii, mhudumu wa afya wa kijijini, na huyo bibi naye aitwe wodini.

Mtaniambia manesi wachache, watoto wengi. Kweli. Wanafunzi nao wanaandika kinachowapa alama. Hapo nawalaumu walimu wao zaidi. Ila kama hukuuliza, andika "sijauliza", mwenzako wa zamu ya jioni aulize.