Risiti ya Kariakoo haitoshi

Mwaka juzi tulianza kuonyesha filamu kila Jumamosi jioni kwenye maktaba ya mtaani kwetu, shuka jeupe limepigwa misumari ukutani, projekta ya kuazima, spika mbili za jamaa anayepiga muziki kwenye maharusi, na watoto wamejaa mpaka mlangoni, wengine wamekaa juu ya meza za kusomea. Filamu tulikuwa tunatoa kabatini humo humo, DVD kama sitini hivi, nyingi maktaba ilinunua kwa hela yake na nyingine zililetwa na watu waliokuwa wanahama mji. Jumamosi ya nne akaja mwalimu mmoja mstaafu, akakaa mpaka majina ya mwisho yakaisha, watu walivyotoka akaniita pembeni akaniuliza, mwanangu, hii filamu mna ruhusa ya kuionyesha? Nikamwambia mwalimu, hii tumenunua kabisa, original, risiti ya Kariakoo ipo kwenye faili. Akasema hiyo ni risiti ya diski, mimi nimekuuliza ruhusa ya kuonyesha.

Lile swali lilinikaa kichwani wiki nzima. Nikaanza kusoma, kuuliza, kupiga simu, na haya ninayoandika ni yale niliyoyapata pamoja na msimamo wangu, manake naona maktaba nyingi na klabu za vijana zinafanya kama tulivyokuwa tunafanya sisi, kwa nia nzuri kabisa, na wanaoumia ni watu wetu wenyewe.

Ishu iko hivi. Ukinunua diski umenunua kopi moja. Unaangalia nyumbani na familia, majirani wakipita wanakaa wanaangalia, hakuna mwenye neno. Ila sheria ya hakimiliki imeitenga haki ya kuonyesha hadharani ikawa kitu cha peke yake, kina mwenyewe na kina bei yake, na hiyo hadharani wala haihitaji uwanja wa mpira, ni popote ambapo watu walio nje ya familia na marafiki wa karibu wanaweza kuingia. Maktaba ya umma inaingia hapo moja kwa moja. Halafu watu wanadhani ukionyesha bure umepona. Hapana, kiingilio kinaweza kubadilisha bei utakayotajiwa na mwenye filamu, lakini kuomba unaomba tu. Yale maandishi madogo nyuma ya kasha ambayo hakuna anayeyasoma, kwa matumizi ya nyumbani pekee, ndiyo yanasema hivyo.

Kuna mkanganyiko mwingine nimekutana nao sana hata kwa watu wazima wanaojua mambo. Tanzania tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, hiyo ndiyo ya Bodi ya Filamu, wanakagua na kuweka madaraja, hii ya watoto, hii ya kuanzia miaka 18. Halafu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, hiyo ndiyo ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya hapa nchini. Sasa mtu anakuona unaonyesha filamu ina alama ya Bodi anakwambia aah hii ina kibali hakuna shida. Bodi imesema filamu inafaa kuonwa na umma, basi. Bodi haijakupa wewe ruhusa ya mwenye filamu, na haiwezi kukupa kwa sababu siyo yake. Ni milango miwili, kila mmoja una ufunguo wake.

Na mwalimu darasani je? Sheria ya 1999 inaacha nafasi ya kutumia kazi za watu kwa kufundishia, kwa kiasi cha haki na kwa kumtaja mwenye kazi. Marekani nao wana kipengele chao, mwalimu na wanafunzi wake uso kwa uso kwenye taasisi isiyo ya faida. Lakini Jumamosi jioni maktaba, kila mtu anaingia, hakuna somo, hiyo siyo darasa na tusijidanganye.

Sasa nilipofika hapa nikakuta wenzetu wa Marekani walishalitatua kwa namna yao. Kuna kampuni kama Swank na MPLC zinauzia maktaba leseni ya mwaka, ukishalipa unaonyesha filamu za studio zote zilizo kwenye mkataba wao, na kwenye baadhi ya leseni hizo unakatazwa hata kutangaza jina la filamu nje ya jengo lako ili usiwaharibie biashara wenye majumba ya sinema. Filamu za kuangalia mtandaoni nako maktaba zinalipia. Mwaka 2019 maktaba tatu kubwa za jiji la New York, ile ya New York yenyewe, Brooklyn na Queens, ziliachana na Kanopy, huduma ya filamu za mtandaoni kwa maktaba, kwa sababu ya gharama, manake kila mwanachama akibonyeza filamu maktaba inadaiwa. Kwa hiyo hata wenye hela zao wanahema.

Jamaa mmoja wa kamati yetu akasema basi na sisi tutafute leseni kama hiyo. Mimi nikakataa na bado nakataa. Ukilipia leseni ya namna hiyo umepata filamu za Hollywood, hela imeondoka nchini, na ile filamu ya Kiswahili ambayo watoto wanaililia kila Jumamosi haimo kwenye orodha. Mwenye Hollywood huwezi kumpigia simu. Mwenye filamu ya Bongo yuko Sinza, yuko Mwanza, yuko Tanga, ukiuliza watu watatu umeshapata namba yake ya WhatsApp. Huo ukaribu ndio utajiri wetu na hatuutumii kabisa.

Nikaanza kuwatafuta. Wa kwanza nilimpata baada ya wiki mbili, prodyuza wa filamu ambayo tulishaionyesha mara mbili bila yeye kujua, nikamweleza ukweli wote na kumwomba radhi. Alikaa kimya nikadhani kakata simu. Halafu akasema kaka, tangu nimeanza kazi hii hakuna mtu amewahi kunipigia kuniomba ruhusa, wewe wa kwanza. Ila akaongeza kitu ambacho kiliniuma zaidi, kwamba ruhusa hana, filamu aliiuza yote kwa msambazaji, alipewa hela ya mkupuo akakabidhi na master, ile kopi mama, yule msambazaji alishafunga duka, na karatasi aliyosaini hajui iko wapi.

Hii siyo habari ya mtu mmoja. Kile kipindi cha DVD za Bongo Movie, miaka ya 2000 mpaka katikati ya miaka ya 2010, ndivyo biashara ilivyokuwa inakwenda, unashuti kwa wiki moja au mbili, unapeleka Kariakoo, unauza moja kwa moja haki zote, unaanza nyingine ili ule. Baadaye kopi za wizi na intaneti zikaua soko la diski, maduka yakafungwa, na haki za mamia ya filamu zimebaki zinaning'inia kwa watu ambao hawako tena kwenye biashara. Maktaba ikitaka kuonyesha filamu ya mwaka 2008 kwa njia halali inamwomba nani? Mimi nadhani COSOTA na Bodi ya Filamu wangekaa pamoja wakatengeneza daftari moja la wazi, jina la filamu, mwaka, nani anashikilia haki gani sasa hivi, hiyo peke yake ingesaidia kuliko semina kumi.

Najua kuna anayesoma hapa anasema mbona kibanda umiza kila siku wanaonyesha, mechi, kung fu, za kutafsiriwa, kila kitu. Ni kweli, na mimi nimekulia humo, nimekaa kwenye benchi la mbao namsikiliza Lufufu anavyoingiza sauti juu ya filamu ya Kichina mpaka unasahau kwamba hao watu hawaongei Kiswahili, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana mavijei wao, na sitaki mtu anifundishe kuwadharau. Watu wengi wa mtaani sinema wamejulia pale. Ila maktaba ni kitu kingine bana. Maktaba ndiyo mahali tunapomwambia mtoto kitabu kina mwandishi, usichane ukurasa, usiandike jina lako juu ya jina lake, rudisha kwa wakati. Halafu Jumamosi mtoto huyo huyo tumwonyeshe kazi ya mtu ambaye hata hatujamuuliza?

YouTube nako siyo kichochoro. Masharti yao yanasema wazi ni kwa matumizi binafsi, na wametaja kabisa kwamba usionyeshe video zao hadharani. Netflix vile vile, akaunti ni ya nyumbani, isipokuwa baadhi ya dokumentari zao wenyewe wameziwekea ruhusa ya kuonyeshwa mara moja kwa ajili ya elimu bila kiingilio, unaingia kwenye ukurasa wa filamu husika unakuta wameandika. Sisi tumezitumia hizo, mbili tatu nzuri sana, ila ni za Kiingereza na wazee walikuwa wanasinzia.

Mfano ulionifungua macho upo hapa hapa, Goethe-Institut, kituo cha utamaduni cha Ujerumani, wana tawi Dar na Nairobi. Wale wana mkusanyiko wa filamu za Kijerumani ambao haki ya kuonyesha bila biashara ilishanunuliwa pamoja na filamu, wakikuazima wewe mshirika wao unaonyesha kwa amani. Yaani Mjerumani amekaa akafikiri, kwamba filamu zangu nataka zionwe huko nje na watu ambao hawatalipa, basi ngoja nimlipe mtengenezaji mapema mimi mwenyewe. Sasa niambie kwa nini maktaba zetu za umma, kuanzia Maktaba Kuu pale Dar aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967, zisifanye hivyo hivyo kwa filamu za Kiswahili? Badala ya kila maktaba ya wilaya kuhangaika peke yake, Bodi ya Huduma za Maktaba inanunua mara moja haki ya kuonyesha kwa matawi yote, kopi moja nzuri inahifadhiwa makao makuu, na prodyuza anapata hela ambayo hakuwahi kuiota kwa filamu ya miaka kumi iliyopita.

Na ni lazima kopi nayo iwepo, hili nalisisitiza. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza pale Vugiri, milima ya Usambara, walitengeneza filamu 35 za kuelimisha Waafrika, wakazizungusha na lori kuonyesha watu Tanganyika na nchi jirani. Wachezaji ni babu zetu. Nyingi zimepotea, chache zilizobaki zipo British Film Institute, London. Sasa kwa sheria yetu filamu inalindwa miaka 50, kwa hesabu hiyo hizo hakuna mtu hapa wa kuzidai, mtoto wa Korogwe angeruhusiwa kuziona bure kabisa ukutani kwetu, ila hana cha kuona, kopi haipo. Sisi tulikuwa na kopi hatuna haki, kule tuna haki hatuna kopi. Na filamu zilizotengenezwa na Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoanzishwa 1968 nazo miaka yake 50 inafika moja baada ya nyingine, nani anazikagua mikanda kabla haijaoza? Au Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya 2001, iliyowakilisha Tanzania kwenye Oscar, uliza vijana kumi mtaani kwako wangapi wameiona. Nimeuliza kwetu, hakuna hata mmoja.

Turudi kwenye maktaba yetu. Tulisimamisha maonyesho miezi mitatu, watoto walikasirika sana na mimi niliumia. Mwishowe tukampata kijana mmoja ametengeneza dokumentari ya wavuvi, dakika 40, hela zake mwenyewe na kamera ya kuazima, na haki zote bado anazo mkononi. Tukakaa naye tukaandika barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, hakuna mwanasheria. Tumeandika filamu gani, kwamba yeye ndiye mwenye haki na muziki uliomo ana ruhusa nao (hilo la muziki usilisahau, filamu inaweza kuwa yako na wimbo usiwe wako), tunaonyesha wapi, mara ngapi, kwa muda gani, bila kiingilio, hatutoi kopi kwa mtu, na akitaka kuwepo siku ya kuonyesha nauli tunalipa. Tumempa shilingi 150,000 kwa miaka miwili. Ni hela ndogo na nilimwambia hivyo usoni. Akasema ni kubwa kuliko aliyowahi kupata kwenye ile filamu, na hilo jibu bado linanikera kila nikilikumbuka, siyo kwa ajili yake, kwa ajili yetu.

Sasa tuna barua sita kwenye faili, pembeni ya zile risiti za Kariakoo. Zile DVD sitini bado zipo kabatini, mtu anakuja anasoma kasha, haziendi ukutani mpaka tumpate mwenyewe. Kama umetengeneza filamu ya Kiswahili, ndefu au fupi, na haki bado ni zako, nitumie ujumbe, usione maktaba ya mtaani ni ndogo.

Jumamosi hii tunarudia ile ya wavuvi, watoto wameiomba wenyewe kwa mara ya tatu, na yule kijana kasema anakuja na basi la asubuhi. Kwenye barua yake imebaki miezi 14.