Protini sumu kwa seli: je, tuzitengeneze nje ya seli?

Mtafiti anayetaka kuchunguza umbo la protini kwa kawaida huingiza jeni yake katika bakteria wa E. coli, kisha huwaacha bakteria hao waizalishe. Njia hii hukwama pale protini yenyewe inapowadhuru, kama zifanyavyo peptidi (protini fupi) zinazotoboa utando wa seli. Kwenye sahani ya agari, yaani ute wa kuoteshea bakteria, huota makoloni machache na madogo, na likipatikana moja lililonawiri, mara nyingi jeni iliyomo imekwisha kuharibika.

Ndiyo maana wapo wanaoiacha seli kabisa. Bakteria hupasuliwa, mabaki hutenganishwa kwa sentrifuji, na utomvu unaosalia, wenye ribosomu (mitambo ya seli ya kuunda protini) na vimeng'enya, huongezewa asidi amino (matofali ya kujengea protini), chanzo cha nishati na DNA inayohusika. Mwaka 1961 wanasayansi Nirenberg na Matthaei walitumia utomvu wa namna hiyo huko Marekani kufumbua neno la kwanza la msimbo wa jeni. Tatizo lilikuwa kwamba kazi ilikoma mapema na protini ikapatikana kiduchu, hadi mwaka 1988, Spirin na wenzake katika Umoja wa Kisovieti walipoonyesha kwamba utomvu ukilishwa mfululizo huku taka zikiondolewa, uzalishaji huendelea kwa saa nyingi.

Faida haiishii kwenye kukwepa kifo cha bakteria. Wanaochunguza umbo kwa NMR (mbinu ya kusoma molekuli kwa sumaku yenye nguvu) wanaweza kuweka alama ya nitrojeni-15, aina nzito ya nitrojeni, katika aina moja tu ya asidi amino bila kuhofu sana kwamba itahamia kwenye nyingine, jambo ambalo seli hai, yenye shughuli zake nyingi za kikemia, hulivuruga.

Hata hivyo, hoja za upande wa pili ni nzito. Utomvu ni ghali, na si kila sumu huepukwa kwa njia hii: protini inayokata RNA au kuzuia ribosomu itasimamisha uzalishaji ndani ya mrija kama ilivyousimamisha ndani ya seli. Protini za utando nazo, zisipowekewa sabuni maalumu au vipande vya lipidi (mafuta yanayounda utando) vya kushikamana navyo, huganda na kuufanya mchanganyiko kuwa mweupe kama maziwa. Isitoshe, mwaka 1996 watafiti Miroux na Walker walitangaza aina za E. coli, C41 na C43, zinazostahimili protini nyingi za namna hii, na kuzijaribu hizo kwanza hugharimu kidogo sana.

Kwa maoni yangu, njia isiyo na seli inastahili kutangulia pale tu sumu inapotokana na kuharibiwa kwa utando au pale NMR inapohitaji alama mahususi. Na hata hapo, sioni sababu ya kuliamini umbo lililopatikana kabla protini hiyo haijapimwa utendaji wake: peptidi inayosemekana kutoboa utando na ithibitishwe kwanza kwamba inatoboa vifuko vya lipidi, kwa sababu ndani ya mrija hakuna bakteria wa kufa na kutujulisha kwamba imejikunja sawasawa.