Ikifika saa nne usiku

Juzi jirani wa chini alinigongea mlango saa nne na dakika ishirini usiku. Mashine yangu ya kufulia ilikuwa inazunguka. Hakufoka. Alinionyesha saa yake, akashuka ngazi. Nilizima huku nimenuna, nikaingia kitandani, na sikushtuka mpaka alfajiri. Hasira zote zikawa zimeisha.

Hapa Hamburg, kama Ujerumani yote, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa kimya. Mimi nimekulia Mbagala, Dar es Salaam: baa upande huu, mkesha upande ule, jenereta katikati. Mnajua.

Najua pia mtakachosema. "Kashafika Ulaya, anajidai. Si ulizaliwa kwenye kelele hizo hizo, na ulikuwa unalala?" Nililala, ndiyo, kwa sababu nilikuwa hoi: ndoo za maji kabla ya jua, shule kwa miguu, jioni mpira mpaka giza. Lakini sikio halina kope. Hata usipoamka, kelele zinapandisha mapigo ya moyo na presha. Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi za Ulaya kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40 kwa wastani. Mama yangu ana presha, na spika ya baa imeelekezwa dirishani kwake. Nikimpigia simu ananiambia, "Tumeshazoea, mwanangu." Neno hilo linaniuma kuliko muziki wenyewe. Na kanuni za kelele tunazo tangu 2015! Kutaka mgonjwa alale ndiyo uzungu?

Wala sijaja kuisifu Ulaya. Msimu wangu wa kwanza wa baridi hapa nilikuwa na kimya, giza na godoro zuri, usingizi sina. Kutwa kwenye kiti, jioni kwenye treni, usiku simu mkononi, najigeuza mpaka saa nane. Kilichonisaidia ni baiskeli, dakika arobaini kwenda kazini na arobaini kurudi. Mwanga wa asubuhi unanipiga usoni, miguu inafanya kazi, na ikifika saa nne mwili unadai kitanda wenyewe.

Hilo la kuuchosha mwili kwetu hatuhitaji kufundishwa na mtu. Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, walipimwa usingizi pamoja na jamii nyingine mbili, ya Namibia na ya Bolivia, matokeo yakatoka 2015: walilala wastani wa saa 5.7 hadi 7.1, na waliolalamika kukosa usingizi walikuwa wachache mno. Nilisoma nikajivunia kwelikweli. Kisha nikamkumbuka mama, anayeshinda kwa miguu sokoni tangu alfajiri, mwili umeshaulipia usingizi wake, halafu saa saba usiku mtu anaongeza sauti.

Jumapili nitampigia mjumbe wetu. Sitamwomba wafunge baa, watu wanakula hapo. Namwomba spika igeuzwe, na ikifika saa nne ishushwe. Mkiniita mzungu kwa hilo, niiteni.