Pombe ya Tufaha na Pangaboi la Sebuleni

Chupa ya kwanza kulala ilikuwa ile ya karibu na televisheni. Hakuna aliyeigusa. Kitako chake kilikuwa kimevimba kikawa mviringo kama yai, ikainama taratibu, ikalala ubavu juu ya kabati. Nikaisimamisha. Ikalala tena. Mimi, mtu mzima mwenye familia, nikaiegemeza ukutani nikaenda zangu kazini.

Hesabu yangu ya kupika pombe hii haikuwa mbaya. Juisi ya tufaha ya boksi, lita 5. Lebo niliisoma vizuri: vitamini C haina neno, ila ukiona potasiamu sobeti (E202) au sodiamu benzoeti (E211) rudisha boksi rafuni, maana hamira haitazaana humo. Sukari gramu 100. Hamira ya chenga, ile ya maandazi, nusu kijiko cha chai. Vyote ndani ya dumu la maji la lita 6, ili povu lipate pa kupandia. Mdomoni nikavisha puto lililotobolewa tundu moja la sindano: gesi inatoka, vumbi na inzi haviingii. Kwa joto la Dar, kesho yake asubuhi puto lilikuwa limesimama wima kama askari wa zamu.

Siku ya 4 nikalikuta limelala. Nikasema imeiva. Kumbe lile tundu lilikuwa limechanika, gesi inapita bila kizuizi, na kule chini hamira bado iko kazini. Nikaonja, tamu kama soda, nikafurahi! Utamu ule ndio uliokuwa unaniambia sukari bado imejaa. Hamira ingekuwa imeimaliza, pombe ingekuwa kavu, haina utamu, inakwaruza ulimi. Pombe hii inataka wiki mbili hivi, mpaka itulie na mashapo yajikusanye chini, na hapo inafika kama asilimia 6 au 7.

Mimi nikaimimina kwenye chupa 3 za maji za lita moja na nusu, nikaongeza kila moja kijiko kikubwa cha sukari ili itoe mapovu, nikakaza vifuniko kwa nguvu zote. Pombe iliyokwisha kuiva inatosheka na gramu 6 kwa lita. Karibu nusu ya uzito wa sukari inayoliwa na hamira hugeuka gesi, na chupa ya maji ni laini, haikuumbwa kubeba presha. Ya soda ina plastiki nene na kitako chenye vidole vitano, na vidole vile si urembo.

Jioni ya siku ile chupa ilipolala, shangazi akaingia kutoka Moshi, na kiu yake ya safari.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Hiyo juisi mbona imelala?"

Kabla sijajibu, alikuwa ameshaizungusha kifuniko.

Kifuniko kilipiga dari. Povu likafuata, na katikati ya dari palikuwa na pangaboi, linazunguka kwa kasi namba 5. Lililobaki lilikuwa kazi ya pangaboi: kochi, pazia, picha ya harusi, daftari la hesabu la mtoto, wote wakapata mgao sawa. Shangazi alisimama palepale, kilemba kinadondosha, akanusa kiganja chake.

"We baba, unafunga mdomo pombe inayochemka? Mbege yenyewe, ya ndizi na ulezi, ungeifunga hivi?"

Sikuwa na jibu. Akaagiza mbili zilizobaki ziende kwenye friji, kwa kuwa hamira ikipoa inasinzia na gesi inatulia kwenye maji. Asubuhi tukazipeleka uani. Akazifunika kwa kitenge, akalegeza kifuniko robo mzunguko, fsss, akakaza, akasubiri, akalegeza tena. Kila chupa ilitaka karibu nusu saa, na mimi kazi yangu ilikuwa kushika kitako.

Akamimina kikombe, akaonja, akatazama mbali.

"Imekosa ulezi," akasema, akaninyooshea kikombe niongeze.