Mjomba, Bundi na Maji Yaliyokupwa Ghafla

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi kwa sehemu kubwa ya umri wake, akipakia boriti za mikoko Lamu na kuzishusha Mombasa, na mtu wa namna hiyo hapelekwi matembezini kwenye mfereji bila kuombwa radhi kwanza. Alipokuja kututembelea Lyon, mke wangu alipendekeza tukodi mashua, tuteremke taratibu kwa Mfereji wa Bourgogne hadi Dijon, tukila vya huko na kulala majini. Mjomba aliuliza mawimbi yana kimo gani. Nikamjibu kwamba hakuna mawimbi. Akauliza habari za upepo, nami nikamweleza kwamba mashua zile huenda kwa injini, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, na kwamba Ufaransa humkodisha yeyote bila kumdai leseni, mradi aelekezwe kidogo kabla ya kung'oa nanga.

"Yeyote?" alisema, kama aliyesikia kwamba hospitali zao huruhusu yeyote kupasua. Hata hivyo alikubali, kwa sharti kwamba omo iwe chini ya mamlaka yake.

Tulianza kwa kuutembelea mji wa Dijon wenyewe, kwa sababu mke wangu haamini kwamba mtu anaweza kupumzika kabla hajaona jumba la makumbusho. Katika kasri la watawala wa zamani wa Bourgogne limo kaburi la Philippe le Hardi, aliyefariki mwaka 1404, na chini ya sanamu yake iliyolala yanapita maandamano ya waombolezaji wadogo wa alabasta, waliofunikwa majoho, kazi ya mchongaji Claus Sluter na mpwa wake Claus de Werve. Mmoja anafuta machozi, mwingine amezamisha uso wote ndani ya kofia ya joho lake, na hakuna wawili wanaolia kwa namna moja. Mjomba aliwazunguka polepole, mikono nyuma, kisha akauliza kwa sauti iliyomgeuza mlinzi: "Miaka mia sita, na hakuna mzee hata mmoja aliyewaambia watu hawa waanue matanga?"

Nje, juu ya kanisa la Notre-Dame, kuna saa ambayo mtawala huyohuyo aliitoa Flandria na kuileta Dijon mwaka 1383, pamoja na mwanamume wa chuma anayegonga kengele, jina lake Jacquemart. Watu wa mji walimwonea huruma kwa upweke wake, wakamwekea mke mwaka 1651, mtoto wa kiume mwaka 1714, na wa kike mwaka 1884. Mjomba alipiga hesabu ya miaka 268 ya useja, akatamka kwamba mahari ya Dijon lazima yalikuwa makubwa.

Balaa letu, kwa mujibu wa mjomba, lilianzia ubavuni mwa kanisa hilohilo. Pale pamechongwa bundi mdogo wa jiwe, aliyepapaswa na vizazi vingi hata akabaki bila uso, na wenyeji huamini kwamba anayemgusa kwa mkono wa kushoto huku akiomba jambo hujaliwa. Njia ya watalii mjini humo imepewa jina la ndege huyu, na vibati vyenye picha yake vimepigiliwa barabarani kuwaongoza watu hadi kwake. Nilimtafsiria mjomba yote haya neno kwa neno, jambo ambalo mke wangu alinikataza kwa macho tangu neno la kwanza. Bundi, ambaye kwetu akilia juu ya paa watu huanza kuuliza ni nani mgonjwa. Tena kwa mkono wa kushoto! Mjomba alirudi nyuma hatua kadhaa. Mke wangu alikwenda, akamgusa, akafumba macho, akaomba safari njema.

Sokoni tulinunua haradali, biskuti za jibini zilizoumuka ziitwazo gougères, na peremende za Flavigny, ambazo kila moja ina punje ya anisi katikati, iliyovikwa sukari tabaka juu ya tabaka. Peremende hizo mjomba alizitia mfukoni, na hazikuonekana tena ila kwa harufu. Konokono aliwakataa kwa hoja ambayo sijapata jibu lake hadi leo: cha baharini anakila, lakini hawa wametoka bustanini. Jibini ya Époisses aliinusa, akasema imekufa, lakini alikuwa tayari kuionja mpaka muuzaji alipoeleza, kwa fahari kubwa, kwamba hukoshwa kwa pombe kali ya makapi ya zabibu muda wote wa kukomaa kwake. Mjomba aliurudisha mkono. Mke wangu akanunua moja, laini ya kuchotwa kwa kijiko, ndani ya kisanduku chake cha mbao.

Mashua tuliichukua chini kidogo ya Pouilly-en-Auxois, ambako mfereji unavuka kilele chake kwa kupita chini ya ardhi zaidi ya kilomita 3. Mfereji mzima una urefu wa kilomita 242 na vyumba vya maji 189, na kutoka pale hadi Dijon kazi ni kuteremka tu, chumba baada ya chumba. Mashua huingia chumba kikiwa kimejaa, lango hufungwa nyuma yake, mlinzi hufungua vipenyo vya lango la mbele, maji hutoka, na mashua hushuka nayo kama mita mbili na nusu. Ndiyo maana kamba huzungushwa tu kwenye nguzo ya ukingoni na kushikwa mkononi, ikiachiwa kadiri maji yanavyopungua. Mwelekezaji aliyasema haya mara kadhaa. Mimi niliyatafsiri. Mjomba alikuwa omo, akizikagua kamba na kusikitika.

Katika chumba cha kwanza mke wangu alikuwa kwenye usukani na kamba ya tezi, mimi nikiwa jikoni, nimefunua sufuria kuangalia kama pilau imekauka. Mjomba aliifunga kamba ya omo kwa fundo ambalo limewahi kulishikilia jahazi lenye shehena, akabakiza ulegevu kidogo kwa ajili ya kupwa, kama inavyostahili Lamu, ambako maji huchukua saa sita kwenda. Haya yalikwenda kwa dakika chache. Tezi ikashuka na maji. Omo ikabaki juu, ikining'inia, na fundo likazidi kukaza.

Mlinzi, binti wa umri wa mwanafunzi, alipiga kelele kwamba tuachie kamba. Mjomba alidhani anasalimiwa, akampungia mkono. Jikoni kila kitu kilikuwa safarini kuelekea tezi: gougères zikibingirika, chupa ya haradali ikifuata, na ile Époisses, ikiwa wazi kwenye rafu, ikateleza kutoka kisandukuni na kutua katikati ya pilau bila kumwaga hata punje.

"Bundi!" mjomba alinguruma kutoka juu, amekumbatia reli. "Nilisema mimi!"

"Mjomba, fungua kamba!" mke wangu alilia.

"Haifunguki, mwanangu! Nimeifunga mimi!"

Binti alikimbia kuvifunga vipenyo kwa manivela, mpini wake wa kuzungushia, akakimbilia lango la nyuma kuyaingiza maji upya, na mashua ikainuka polepole mpaka ikakaa sawa. Kisha alitazama saa yake. Ilikuwa saa sita kamili za mchana, na mfereji ule huenda kula. Akakaa ukingoni na mkate wake, nasi tukiwa chini ya miguu yake ndani ya chumba kilichojaa, mpaka harufu ya pilau ilipomfikia.

Alikula sahani mbili. Akauliza kwa nini hajawahi kuambiwa kwamba Époisses inapatana hivi na iliki na karafuu, na mke wangu, ambaye hajui kumvunja mgeni moyo, akamwandikia mapishi yote, jibini ikiwemo. Mjomba, aliyekuwa akila gougères zilizookotwa sakafuni, alimwagiza aongeze chini kwamba ni haramu.

Alasiri mjomba aliishika kamba mkononi kwa ustadi ambao hakuna aliyethubutu kuusifu. Katika chumba kimoja tuliingia pamoja na mashua ya Wajerumani wawili, mume akiinama kuifunga kamba yake. "Usifunge!" mjomba alimpigia ukelele, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuamrisha mabaharia ndani ya kusi. Yule mzungu aliiachia kamba yote kwa mikono miwili, mashua yake ikaenda ikakaa mshazari chumbani, na binti, aliyekuwa ametutangulia kwa pikipiki yake, akaiweka manivela chini, akaniuliza kama ile pilau imebaki.